Joto Hutawanya

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Mmoja wenu kaniuliza swali, nami sitaki kulijibu kwa neno moja, maana ni swali lenye akili. Kauliza hivi: "Mjomba, ndege si hupaa mpaka huko juu kwenye baridi? Sasa jua la huku chini linaisumbua nini?"

Linaisumbua sana. Ili mwone linavyoisumbua, twendeni Turkana.

Kaskazini-magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, pana mji mdogo uitwao Lokichoggio. Waliouzoea huuita Loki tu. Jua la Loki ni kali. Mchana joto hufika nyuzi 38, na siku nyingine hupita hapo. Ukigusa bati, mkono hujiondoa wenyewe.

Mji huo una uwanja wa ndege, na kwa miaka mingi uwanja huo haukupumzika. Kusini mwa Sudan kulikuwa na vita. Mwaka 1988 njaa iliua watu wengi mno huko. Mwaka uliofuata, 1989, Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada wakaanzisha kazi kubwa iliyoitwa Operation Lifeline Sudan. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafikishia watu chakula na dawa. Lakini wafikishe vipi? Barabara zilikuwa chache. Mvua ikinyesha, zinageuka tope. Zilizobaki zilifungwa na vita.

"Wakatumia ndege, Mjomba?"

Wakatumia ndege. Hongera, umewahi kuliona jibu.

Ndege kubwa pale Loki ilikuwa Hercules. Ina injini nne. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ni mita 40. Ikijaa inafika tani 70. Safari moja ya kudondosha chakula ilichukua tani 16 hivi. Gunia moja lina kilo 50. Hesabuni wenyewe. Mmepata ngapi? Magunia 320. Hongereni.

Ndege ndogo ilikuwa Caravan. Ina injini moja tu. Ikijaa mafuta, watu na mizigo, haifiki hata tani nne. Caravan ndiyo ndege ya rubani wetu. Simpi jina rubani huyu, kwa sababu marubani wa namna yake walikuwa wengi, Wakenya na wageni, na kazi yao ilifanana. Nitamwita rubani wetu, basi.

Saa kumi na moja alfajiri rubani wetu yuko macho. Nje bado giza. Anakunywa chai, anajaza chupa zake za maji, anakwenda uwanjani. Anaizunguka ndege yake taratibu. Anagusa magurudumu, anatazama propela, anachota mafuta kidogo kwenye kichupa cha kioo aone kama yameingia maji. Kule upande wa pili Hercules nazo zinapakiwa. Watu wanaitana gizani, magunia yanapanda. Kila mtu ana haraka.

"Mjomba, mbona mapema hivyo? Si wangengoja wapate kiamsha kinywa?"

Hapo ndipo penye siri. Fumbeni macho, muwaze ua wa nyumba ya bibi.

Watoto wote wa ukoo wamelala pale uani. Alfajiri kuna baridi, basi wamejikunyata, bega kwa bega, wote juu ya mkeka mmoja. Wanatosha kabisa. Jua linapanda. Watoto wanaamka. Huyu anakimbia, yule anaruka, wale wanasukumana. Mtoto anayekimbia anataka nafasi kubwa kuliko aliyejikunyata, sivyo? Kufika saa sita wameenea ua mzima, na wengine wameshatoka nje ya lango. Sasa utazame ule mkeka. Mkeka ni ule ule. Juu yake wamebaki wangapi? Wawili, watatu.

Fumbueni macho. Hewa ndivyo ilivyo. Imeundwa kwa chembe ndogo mno, ndogo kuliko mnavyoweza kuona hata kwa miwani ya babu. Kukiwa na baridi, chembe hizo huenda polepole na kukaribiana. Kukiwa na joto, hukimbia na kusukumana, nazo huachana. Baridi hukusanya, joto hutawanya. Semeni nami: baridi hukusanya, joto hutawanya.

Bawa la ndege linafanya kazi gani? Linasukuma hewa iende chini, na hewa nayo inalisukuma bawa liende juu. Bawa likikuta watoto wengi mkekani, lina cha kusukuma. Likikuta wachache, ndege inabaki nzito. Na injini? Injini huchoma mafuta pamoja na hewa. Hewa ikiwa kidogo, nguvu inapungua. Na propela? Propela nayo hushika hewa ili iivute ndege mbele. Hewa kidogo, mvuto mdogo. Kwa hiyo joto humpiga rubani mara tatu: kwenye bawa, kwenye injini, kwenye propela. Joto hutawanya.

"Mjomba, kwani hewa ina uzito?"

Ina uzito! Umeuliza jambo ambalo wakubwa wengi hawajawahi kuliuliza. Chukua sanduku lenye mita moja kwenda juu, mita moja kwa upana, mita moja kwa urefu. Pwani, kwenye nyuzi 15, hewa iliyomo ndani ina kilo 1.2 hivi. Kwenye nyuzi 40 inabaki kilo 1.1. Utasema ni gramu mia moja tu hizo. Lakini ndege inayokimbia hupita kwenye maelfu ya masanduku ya namna hiyo kila sekunde, na kila moja limepungua.

Tena kuna jambo ambalo mimi hulipenda sana. Loki iko kwenye kimo cha mita 640 hivi juu ya usawa wa bahari. Si mlima. Lakini mchana wa nyuzi 38, hewa ya pale inakuwa nyepesi hata ndege inajiona iko mita 1,600 juu ya bahari.

"Mita 1,600 si karibu na kimo cha Nairobi?"

Ndiyo hiyo hiyo! Magurudumu yako Loki kwenye vumbi, lakini mabawa yanajiona yako huko nyanda za juu. Kila rubani anayeruka kwenye joto hupiga hesabu hiyo kabla ya kuwasha injini. Haulizi tu, "Uwanja uko kwenye kimo gani?" Anauliza, "Leo, kwa joto hili, ndege yangu inajiona iko wapi?" Na mkitaka kujua kwa nini uwanja wa Jomo Kenyatta una njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya mita 4,000, sababu mojawapo ni hiyo. Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi, na ndege kubwa ya mizigo iliyojaa maua ya kwenda Ulaya lazima ikimbie mbali kabla ya kuinuka. Usiku, kukiwa na baridi, rubani wake hupata nafuu.

Sasa niwasimulie jambo.

Asubuhi moja tai alikuwa ametua kwenye mti mkavu kando ya uwanja wa Loki. Chini yake Caravan inapakiwa.

"Wewe nawe una haraka ya nini?" tai akauliza. "Mimi kabla ya jua kupanda sisogei. Nangoja ardhi ipate moto."

"Mimi nalikimbia jua," Caravan ikajibu.

"Ajabu! Jua ndilo linaloninyanyua. Nafungua mabawa tu. Sipigi hata mara moja. Napanda, napanda, mpaka ng'ombe wa Waturkana wanakuwa wadogo kule chini."

"Una kilo ngapi, bwana tai?"

"Saba. Nikishiba, nane."

"Mimi karibu elfu nne."

Tai akageuza shingo, akaitazama Caravan vizuri kwa mara ya kwanza. "Basi nenda," akasema. "Nenda kabla ardhi haijapata moto."

"Lakini Mjomba, hapo sielewi. Umesema joto hutawanya hewa. Sasa tai anapandaje?"

Lo! Swali hilo ningeweza kulilipia soda. Sikiliza. Jua linachoma ardhi. Ardhi inaichoma hewa iliyo juu yake. Hewa ile inatawanyika, inakuwa nyepesi kuliko ya jirani, basi inapanda juu. Tai analijua jambo hilo. Anaitafuta hewa inayopanda, anazunguka ndani yake, nayo inambeba. Habebwi kwa kuwa hewa ni nzito. Anabebwa kwa kuwa hewa inakwenda juu na yeye ni mwepesi.

Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoitikisa ndege mchana. Hapa inapanda, pale pembeni inashuka, basi Caravan inarushwa juu na chini na abiria wanashika viti. Na rubani anayechelewa anakutana na tai wenyewe. Msidhani ni jambo dogo. Mwaka 1973, juu ya Abidjan kule Côte d'Ivoire, tai mmoja aligongana na ndege ya abiria kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Injini moja iliharibika. Ndege ilitua salama, tai hakupona.

Turudi kwa rubani wetu. Magunia yamepakiwa, milango imefungwa, injini inanguruma. Mbele yake iko Hercules, nayo inataka kuruka. Mwongoza ndege anasema kwenye redio: subiri.

Hercules inapaa. Vumbi linatimka, vijiwe vinaruka, na ndiyo maana hakuna rubani mwenye akili anayeegesha Caravan nyuma ya injini zile nne. Vumbi linatulia. Mbele ni kweupe, hakuna kitu.

"Basi si aende?"

Haendi. Kuna kitu, ila hakionekani. Ndege kubwa inapopita, hewa hujizungusha kwenye ncha za mabawa yake. Inaacha nyuma vimbunga viwili vilivyolala, kimoja kila upande, navyo hushuka polepole. Ndege ndogo ikiingia humo inaweza kupinduliwa tumbo juu. Kanuni za dunia nzima zimeweka muda: ndege ndogo ikitaka kuruka nyuma ya ndege ya ukubwa wa Hercules, ingoje dakika mbili. Ikitaka kutua nyuma yake, nafasi iwe dakika tatu.

Dakika mbili kwenu ni chache. Kwa rubani aliyefungiwa ndani ya vioo, jua likimtazama usoni, ni ndefu. Shati limeshikamana na mgongo. Jasho linaingia machoni. Mkanda wa kiti una chuma, na chuma kimepata moto. Anakunywa maji. Anakunywa hata kama hana kiu, kwa sababu mwili uliokaukiwa maji hufikiri polepole, na rubani hana ruhusa ya kufikiri polepole. Dakika mbili zimetimia. Anaenda.

Ndiyo, mpwa wangu, huko juu kuna baridi kama ulivyosema. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita au saba hivi. Kwenye mita 3,000 rubani wetu anapumua, jasho linakauka. Lakini kwanza ilibidi afike huko, na njia ya kufika huko inapita kwenye ile hewa ya chini iliyotawanyika.

Hercules haitui kule iendako. Inapita chini chini juu ya uwanja uliowekwa alama. Mlango wa nyuma uko wazi. Rubani anainua pua ya ndege, sakafu inainama, na magunia yanateleza yenyewe mpaka nje. Yamevalishwa gunia juu ya gunia, ili yasipasuke yakianguka. Watu wanakuwa wamewekwa mbali kwanza, maana gunia la kilo 50 linaloanguka kutoka juu linaua. Mwaka 1998, njaa ilipolipiga eneo la Bahr el Ghazal, huko huko kusini mwa Sudan, kwa mara nyingine, mtama na mahindi vilidondoshwa hivyo, mwezi baada ya mwezi.

Caravan yenyewe hutua. Inatua kwenye njia ya udongo, fupi, yenye mashimo. Inashusha dawa na vifaa. Na hapo, wapwa zangu, ndipo kazi ya rubani inapokuwa ngumu kuliko mahali pengine popote.

Wakati huo imekuwa saa sita. Watoto wameshatawanyika ua mzima. Chini ya mti kuna wagonjwa na majeruhi wanaongoja kupelekwa Lopiding, hospitali ya Shirika la Msalaba Mwekundu iliyofunguliwa pale Loki mwaka 1987. Kila mgonjwa ana ndugu anayetaka kumsindikiza. Kila ndugu ana furushi. Viti vipo.

"Si awachukue wote, Mjomba? Viti si vipo?"

Moyo wako ni mwema, na ndivyo kila mtu pale anavyosema. Lakini rubani hahesabu viti. Anahesabu kilo, nyuzi za joto na mita za njia. Ndege inayojiona iko juu mlimani inataka kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na njia ya udongo haiongezeki. Miti iliyo mwisho wa njia haisogei. Basi anatafuta cha kupunguza. Mafuta nayo ni mzigo, kwa hiyo tangu Loki amebeba ya kumfikisha na kumrudisha, na akiba ya lazima, basi. Mafurushi yatabaki. Anatazama upepo unatoka wapi, ili aruke akiuelekea. Anapiga hesabu tena. Halafu anasema: hawa watakwenda sasa, hawa watakuja kuchukuliwa kesho alfajiri, kukiwa na baridi.

Kuna mama ambaye atalia. Kuna mzee ambaye atamwita rubani mkatili. Mimi nasema hapo ndipo ushujaa wake ulipo. Watu husifu marubani kwa kuruka. Mimi nawasifu kwa kusema hapana kwa mtu wanayemhurumia, kwenye jua lile, wakiwa wamechoka, na wakiwa wanajua kwamba ndege ikianguka leo hata wa kesho hawatachukuliwa. Kesho yake alfajiri, kabla tai hajanyoosha bawa, Caravan inarudi kuwachukua waliobaki.

"Na joto likizidi kabisa, Mjomba? Ndege inakataa?"

Inaweza kukatazwa. Kila ndege ina kitabu chake chenye majedwali: joto kiasi hiki, uzito kiasi hiki, njia kiasi hiki. Jedwali lina mwisho. Mwezi Juni mwaka 2017, mjini Phoenix kule Marekani, joto lilipita nyuzi 48. Majedwali ya baadhi ya ndege ndogo za abiria yalikuwa yameishia chini kidogo ya hapo. Safari nyingi za ndege hizo zikafutwa siku hiyo. Ndege zilikuwa nzima kabisa, na marubani walikuwepo, lakini hakuna aliyekuwa na namba ya kutegemea. Ndege kubwa zaidi, zenye majedwali yanayofika mbele, ziliendelea kuruka. Dunia ikizidi kupata joto, marubani wengi zaidi watajikuta kwenye hesabu ambazo marubani wa Loki walizipiga kila siku.

Mkataba wa amani wa Sudan ulisainiwa Nairobi mwezi Januari mwaka 2005, na baada ya hapo kazi nyingi zikahamia Juba. Uwanja wa Loki ukatulia.

Sasa nawapa kazi, maana msiniamini kwa maneno matupu. Tafuteni chupa tupu ya kioo na puto. Vuteni mdomo wa puto muuvalishe kwenye mdomo wa chupa. Puto litalala pembeni, legevu. Mwambieni mama au baba awawekee chupa hiyo kwenye sufuria yenye maji ya moto, msiiguse wenyewe. Ngojeni kidogo. Puto litainuka na kuvimba, ingawa hakuna aliyelipuliza. Kisha chupa ihamishiwe kwenye maji ya baridi, mtazame puto linafanya nini. Mkishaona, niandikieni mniambie ni hewa ya chupa ipi ambayo Caravan ingependa kuruka nayo, na kwa nini.